Saa Inayohesabu Jua Kama Kazi: Tathmini ya Saa ya Mazoezi Baada ya Miezi Minane Kiwanjani

Saa hii niliinunua Kariakoo mwezi wa Novemba kwa shilingi 185,000, na sababu iliyonifanya nitoe fedha hizo ilikuwa moja tu: nilitaka kujua ninachoma kalori ngapi kila Jumamosi ninaposhinda kwenye kiwanja changu cha nusu eka, nje kidogo ya mji wa Tanga, nikifyeka majani, nikichimba mashimo ya miche na kusukuma toroli la samadi. Daktari alikuwa ameniagiza nishushe uzito kutoka kilo 80 hadi kilo 74 kwa sababu ya shinikizo la damu. Kwa kuwa sikuwa na muda wala hamu ya kwenda kunyanyua vyuma, niliona kwamba kazi ya kiwanja ingetosha kuwa mazoezi yangu, mradi nipate chombo cha kunihesabia. Muuzaji hakusita hata kidogo. "Bosi wangu," aliniambia huku akinifunga mkanda mkononi, "hii inakuhesabia kila kitu, hata ukiwa umelala."

Sitaitaja chapa yake, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza hapa yanatokana na namna saa za aina hii zinavyofanya kazi, na mtu aliyenunua nyingine ya bei inayokaribiana na hiyo atayaona yale yale. Ninachotaka kumweleza msomaji ni kama tarakimu ya kalori inayoonekana kwenye kioo, baada ya saa nzima ya kufyeka na kuchimba, inaweza kuaminiwa na mtu anayepanga chakula chake kwa kuitegemea. Mimi niliitegemea kwa miezi mitatu, na gharama yake niliiona kwenye mizani.

Kuhusu saa yenyewe kama kifaa, sina malalamiko makubwa. Chaji inadumu siku tano, kioo kinasomeka hata juani, na haikuharibika nilipoinawisha kwa maji ya bomba kila jioni. Mkanda wake wa mpira ulinitoa upele kwenye ngozi wiki ya pili, nikaubadilisha kwa wa kitambaa uliouzwa shilingi 8,000, na upele ukaisha. Kasoro iliyoniudhi ni kwamba matone ya jasho hubonyeza kioo kama kidole. Mara mbili nilikuta kipimo kimesimama katikati ya kazi bila mimi kukigusa, hadi nilipogundua kwamba kuna sehemu ya kufunga kioo kabla ya kuanza. Anayenunua saa ya kutumia kwenye jasho ahakikishe kwanza kwamba sehemu hiyo ipo, na aijue kabla hajatoka dukani.

Jambo jingine la kukagua siku ya kwanza ni taarifa za mwili. Niliikuta saa ikiwa imeshajazwa kilo 65 na umri wa miaka 30, na ningeanza kuitumia hivyo hivyo kama mwanangu wa kidato cha pili asingeniuliza, "Baba, umeiambia una kilo ngapi?" Hesabu zote za kalori huanzia kwenye uzito, kwa hiyo kosa la kilo 15 hapo mwanzo haliwezi kusahihishwa na ubora wowote wa kifaa baadaye.

Sasa nieleze inavyopima, kwa maana bila kulielewa hilo mtu hawezi kujua inapokosea wapi. Saa haipimi kalori. Ukiigeuza utaona taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, kiasi cha damu kwenye mishipa midogo ya kifundo cha mkono huongezeka na kupungua, hivyo mwanga unaorudi hubadilika. Kutokana na mabadiliko hayo saa hupata mapigo ya moyo. Mapigo hayo huunganishwa na mtikisiko wa mkono, uzito, umri na jinsia, kisha programu hukisia umetumia nishati kiasi gani. Kipimo halisi cha nishati kwa kazi ya muda mfupi ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unatumia, nacho hupatikana maabara kwa kuvaa barakoa inayokusanya hewa unayovuta na kutoa. Saa haina habari yoyote ya oksijeni hiyo. Inautazama moyo na kudhani kwamba moyo ukienda mbio, ni misuli inayodai hewa.

Dhana hiyo inakubalika kwa mtu anayekimbia barabarani asubuhi yenye ubaridi. Kwa mtu anayefyeka majani Tanga mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa utosini, dhana hiyo inavunjika, na hapo ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Mwili ukipata joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili upoe, na jasho hupunguza maji yaliyomo kwenye damu yenyewe. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kuhudumia ngozi na misuli kwa wakati mmoja, ilhali kazi inayofanywa na misuli haijaongezeka. Kushika mpini kwa nguvu nako hupandisha mapigo, na kazi ya mikono kwa kawaida huyapandisha kuliko kazi ya miguu inayotumia oksijeni ileile. Kufyeka kuna mambo hayo yote matatu kwa pamoja: joto, mpini na mikono.

Jaribio langu la kwanza halikuwa la kalori, lilikuwa la mapigo. Mpwa wangu ambaye ni mkimbiaji aliniazima mkanda wa kifuani, ule unaonasa umeme wa moyo moja kwa moja badala ya kutumia mwanga, na ambao wanamichezo huuamini zaidi. Nilivaa saa kwenye mkono wa kulia, mkono ninaoshikia fyekeo, nikaanza kazi. Baada ya dakika kumi mkanda ulisema 131, saa ikasema 92. Nilisimama, nikaikaza saa, nikaendelea. Tofauti ikabaki ile ile. Nikamwomba mwanangu ahesabu ninavyorusha fyekeo, akahesabu mara 46 kwa dakika. Fyekeo huenda na kurudi, na 46 mara mbili ni 92. Saa ilikuwa imeacha kuufuata moyo na kuanza kuufuata mkono, kosa ambalo wakimbiaji nao hulipata pale saa inaposhika mdundo wa hatua zao na kuuita mapigo.

Nilipoihamishia mkono wa kushoto, nikaipandisha vidole viwili juu ya kifundo na kuikaza kiasi cha kuacha alama kidogo kwenye ngozi, mambo yalibadilika. Tofauti kati yake na mkanda ilishuka hadi mapigo matatu au manne, isipokuwa nilipokuwa nachimba kwa sururu kwa mikono miwili, ambapo saa iliyapoteza tena mapigo kwa dakika kadhaa kila mara. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mfyekaji ni avae saa kwenye mkono usiofanya kazi, juu ya kifundo na si kwenye mfupa, na asiilinganishe na mkanda wa kifuani pale anapotumia mikono yote miwili.

Kuhusu toroli, niseme kwa kifupi. Mikono inayosukuma toroli imetulia kwenye vipini, hivyo saa haioni hatua. Nilisukuma samadi safari 22 kutoka barabarani hadi nyuma ya kiwanja, kila safari ikiwa na hatua zaidi ya 60 za kwenda, na saa ilihesabu zile za kurudi tu, toroli likiwa tupu na mkono mmoja ukining'inia.

Baada ya kuhakikisha kwamba mapigo yanasomwa vizuri, ndipo nilipoingia kwenye kalori. Jumamosi moja ya Februari nilianza kufyeka saa tatu asubuhi na kuacha saa nne kamili. Kipimajoto cha barazani kilionyesha nyuzi 32. Mwanangu alikaa kivulini na saa ya ukutani, akiandika kila mara nilipoanza na kila mara niliposimama. Mkanda wa kifuani ulitoa wastani wa mapigo 134. Saa ilitoa kalori 618.

Ili kuipima tarakimu hiyo nilitumia njia ya zamani ambayo haihitaji kifaa. Mwaka 1993 Barbara Ainsworth na wenzake wa Marekani walichapisha orodha ya shughuli za binadamu, kila shughuli ikipewa namba inayoonyesha inazidi mara ngapi nishati ya mtu aliyekaa kimya. Orodha hiyo imekuwa ikirekebishwa tangu hapo, ikiwemo mwaka 2011 na 2024. Kipimo chenyewe kinaitwa MET, na MET moja ni takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Hapa ninaposema kalori nina maana ya kilokalori, kama watu wanavyosema kila siku na kama inavyokusudiwa kwenye saa. Katika toleo la 2011, kukusanya majani kwa reki ni karibu 4, kusukuma toroli ni 5.5, kukata majani kwa mashine ya kusukuma isiyo na injini ni 6, kusafisha vichaka kwa nguvu ni 6.3, na kuchimba kwa nguvu ni 7.8. Mtu aliyeketi juu ya mashine ya kukatia nyasi amepewa 2.5 tu, na hilo linatosha kuonyesha kwamba neno "kazi ya uwanjani" peke yake halielezi kitu.

Nilichukua 6.3 kwa kuwa majani yangu yalikuwa yamefika kiunoni, yakiwa yamechanganyika na miba na mibarika. Kilo 80 mara 6.3 ni kalori 504 kwa saa, kama ningefyeka saa nzima bila kusimama. Lakini hakuna anayefyeka saa nzima bila kusimama. Karatasi ya mwanangu ilionyesha kwamba fyekeo lilikuwa hewani kwa dakika 41. Dakika 19 zilizobaki nilikuwa nanoa kwa tupa, nakunywa maji, najifuta jasho, na mara moja nikizungumza na jirani aliyepita na baiskeli. Dakika 41 za kazi ni kalori 344. Dakika 19 za kusimama, nikizipa 1.5, ni kalori 38. Jumla ni 382.

Hata 382 si faida yote ya kazi. Kama ningekaa barazani saa ile ile bila kufanya lolote, mwili wangu ungetumia kalori 80 kwa kupumua, kusukuma damu na kujitunza joto. Nilichokipata kwa sababu ya kufyeka ni 302. Saa iliniandikia 618, zaidi ya mara mbili. Saa nyingi huonyesha tarakimu mbili, moja ya jumla na nyingine ya kalori za shughuli, na kwenye saa yangu ile ya jumla ndiyo imeandikwa kwa maandishi makubwa, huku ya shughuli ikiwa imefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa programu ya simu. Nikiwa mnunuzi, naliona hilo kuwa kosa la kweli la mtengenezaji, kwa sababu tarakimu kubwa ndiyo macho huenda nayo jikoni.

Nami nilikwenda nayo jikoni. Kuanzia Novemba hadi Februari, kila nilipomaliza kazi nilitazama kioo, nikaona mia sita au mia saba, nikakaa mezani nikiwa na amani ya mtu aliyelipa kabla ya kula. Chapati mbili na chai ya maziwa. Chapati moja ya nyumbani kwetu ina unga wa takriban gramu 80, ambao ni kalori kama 290, na mafuta yasiyopungua gramu 10, ambayo ni kalori 90. Mbili ni 760, kabla sijagusa sukari ya kwenye chai. Nilikuwa nikichoma 302 na kurudisha 760, nikiamini kwamba nimebakiwa na akiba. Mwezi wa Februari mizani ilisoma kilo 80.6, na mke wangu, ambaye alikuwa ameipunguza hata mboga ya nazi kwa ajili yangu, alinyamaza tu. Ule unyamavu uliniuma kuliko namba.

Jambo jingine lililonipotosha wakati huo ni mizani ya baada ya kazi. Siku moja nilijipima kabla na baada ya saa mbili za kuchimba, nikakuta nimepungua kilo 1.2, nikafurahi. Yale yalikuwa maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja, na hurudi na vikombe vya kwanza vya maji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo zile kalori 302 za saa moja ya kufyeka ni gramu 39 za mafuta. Ninaiandika tarakimu hiyo bila nia ya kumkatisha mtu tamaa. Jumamosi 50 za saa nne nne ni karibu kilo nane, kama chakula hakijaongezwa. Lakini mtu hana budi kujua kipimo cha kitu anachokitafuta.

Je, saa yangu ni mbovu kuliko nyingine? Hapana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima saa na bangili saba za kampuni mbalimbali kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli wakiwa wamevaa barakoa za kupimia hewa. Kwa mapigo ya moyo, sita kati ya saba zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyofanya vibaya kuliko zote kwa asilimia 93. Hayo yalitokea ndani ya maabara, kwa shughuli ambazo saa hizo zimetengenezwa kwa ajili yake. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini namna ya kukisia kalori kutoka kwenye mapigo haijabadilika kimsingi, na orodha ya mazoezi kwenye saa yangu ina kukimbia, kutembea, baiskeli, kuogelea, yoga na "mengineyo". Mwenye jembe yumo kwenye "mengineyo".

Jaribio la pili ndilo lililonithibitishia habari ya joto. Mwezi wa Juni tulikwenda ukweni Lushoto, kwenye milima ya Usambara, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya nyumba ya baba mkwe kuna mteremko uliokuwa umefunikwa na majani, nami niliomba niufyeke. Alishangaa mkwe kuomba kazi, akaniruhusu. Nilibeba fyekeo langu lile lile, saa ile ile mkono wa kushoto, mkanda ule ule kifuani, na mwanangu akakaa na karatasi yake. Kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Nilijitahidi kwenda kwa mdundo wa mara 46 kwa dakika, na karatasi ikaonyesha dakika 43 za kazi, mbili zaidi ya zile za Tanga. Mteremko ulinilazimisha kujishikilia kwa miguu, kwa hiyo siamini kwamba kazi ilikuwa nyepesi, ingawa nakiri kwamba majani ya kule yalikuwa laini kidogo.

Wastani wa mapigo ulikuwa 117. Saa iliandika kalori 447.

Yaani dakika za kazi ziliongezeka, mdundo ulikuwa ule ule, na saa ikapunguza kalori 171. Kalori hizo 171 za Tanga, kwa sehemu kubwa, zilikuwa jua. Mapigo 17 ya ziada yaliyotokana na joto na ukavu wa mwili yaliingizwa kwenye hesabu kama vile ningekuwa nimefyeka eneo kubwa zaidi.

Kuna mlinganyo uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, unaotumika sana kukisia kalori kutoka kwenye mapigo ya moyo. Kwa mwanamume, kila pigo moja la ziada kwa dakika huongeza kilojuli 0.6309 kwa dakika. Mapigo 17 kwa saa nzima, ukigawa kwa 4.184 ili kupata kalori, ni kalori 154, karibu sana na tofauti niliyoiona. Nilipouingiza mlinganyo wote, nikiwa na umri wa miaka 44, kilo 80 na mapigo 134, nilipata kalori 778 kwa ile saa moja ya Tanga, yaani hata zaidi ya saa yangu. Watafiti hao hawakukosea. Waliwapima watu wanaofanya mazoezi mara kwa mara, kwenye mashine ya kukimbilia na baiskeli. Moyo wa mtu asiyezoea mazoezi hupiga haraka kwa kazi ndogo, na ukimpeleka juani na kumpa fyekeo, unakuwa umemwingiza kwenye mlinganyo usiokuwa wake.

Nilipofika hapo nilikumbuka utafiti mwingine, huu wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa kwa siku na Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Hawakutumia saa. Waliwanywesha maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo kwa siku kadhaa, njia inayoheshimika kuliko zote kwa kupima matumizi ya nishati ya mtu akiwa kwenye maisha yake ya kawaida. Wahadzabe hutembea sana, huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu, huwinda na kubeba maji, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Inaelekea kwamba mwili uliozoea kazi nzito hubana matumizi mahali pengine. Niliposoma hayo niliitazama Jumamosi yangu kwa macho mapya: asubuhi nafyeka, na kuanzia saa nane mchana nalala kwenye mkeka hadi alasiri, siendi hata dukani. Saa huniandikia 618 ya asubuhi kwa herufi kubwa, na haiiweki ile alasiri iliyolala mbele ya macho yangu.

Kwa sasa hesabu yangu ni ya karatasi. Nachukua uzito, nazidisha kwa namba ya kazi, nazidisha kwa dakika ambazo chombo kilikuwa kinafanya kazi kweli, nagawanya kwa 60, kisha naondoa kalori ambazo ningetumia nikiwa nimekaa. Kwa kazi ya mchanganyiko, yaani kufyeka, reki na toroli, natumia 5 na siongezi. Najua kwamba namba hizo nazo ni wastani wa watu wengine, na kwamba mtu aliyezoea fyekeo tangu utotoni hutumia nguvu chache kuliko mimi kwa majani yale yale. Hata hivyo kosa la karatasi haliyumbi kwa sababu ya jua, na halinipi chapati mbili zisizo haki yangu. Nimeacha kula kwa kufuata kazi. Nakula sahani ile ile Jumamosi na Jumanne. Leo ninapoandika nina kilo 77.

Je, ninaipendekeza saa? Kwa anayetaka kujua kalori za kazi ya kiwanjani, hasa Pwani, hapana, na fedha hizo zingemnunulia mizani nzuri na glavu imara na zikabaki. Kwa anayetaka kulinganisha Jumamosi yake ya leo na ya wiki iliyopita, mahali pale pale na kwa saa ile ile ya asubuhi, ina msaada wa kiasi, mradi asiichukulie tarakimu kama fedha taslimu.

Lakini mimi bado naivaa, na sababu ni ile ile iliyoharibu hesabu ya kalori. Saa inayolisoma jua kupitia moyo ni saa inayoweza kumwambia mtu mwenye shinikizo la damu kwamba jua limemzidi. Niliongea na daktari wangu, akanipa kikomo cha mapigo 150, nikakiweka kwenye saa ili itetemeke na kulia nikikifikia. Mwishoni mwa Machi nilikuwa nang'oa kisiki cha mkorosho kilichonishinda Jumamosi mbili. Nilikuwa nimeshakata mizizi mitatu, wa nne ulikuwa umeanza kulegea, na mtu aliye katika hali hiyo hataki kuacha. Shoka lilikuwa juu saa ilipoanza kulia. Ilisoma 158. Mwili wangu haukuniambia lolote. Nilijiona mzima kabisa na mwenye nguvu. Mwanangu aliinuka kivulini akaja kunishika mpini. "Baba, inalia," alisema, "kaa kwanza." Tulikaa chini ya mwembe na dumu la maji, na ikachukua dakika 14 kushuka hadi 110. Mzizi wa nne aliukata yeye.